Do Haikai Mahali Pamoja

Kwa miaka 12 kazi yangu ya muziki shuleni ilikuwa kuchagua. Kila mwanzo wa mwaka niliwapanga watoto foleni nje ya chumba cha walimu, nikamwimbisha kila mmoja ngazi ya noti, do re mi fa so la ti, kutoka do ya chini hadi do ya juu, na kabla ya kengele ya chai nilikuwa nimeandika majina 40 katika daftari langu. Waliobaki walirudi darasani, na sikuwasikia tena wakiimba hadi foleni ya mwaka uliofuata. Tamasha la Muziki la Kenya limekuwapo tangu mwaka 1927, na mwalimu aliyelelewa nalo kama mimi huupima mwaka wake kwa hatua ambayo kwaya yake imefika: kaunti ndogo, kaunti, eneo, taifa. Nililipenda, na ningali nalipenda. Lakini kwaya ya tamasha ni watoto waliokwisha kuchaguliwa, nami nilikuwa nikidhani kwamba kuwafundisha hao ndiko kufundisha muziki.

Mwaka 2023, sekondari msingi zilipoanza chini ya Mtaala wa Umilisi, nilipewa Gredi ya 7 katika shule ya kijijini, Kaunti ya Kwale. Mwaka huo sanaa za maonyesho zilikuwa somo la hiari, na shule yetu ililichukua kwa sababu mimi nilikuwapo. Mwaka uliofuata, masomo yalipopunguzwa hadi 9, muziki uliunganishwa na sanaa nyingine na michezo, ukawa sehemu ya somo ambalo kila mwanafunzi hulisoma. Nilikuwa na wanafunzi 58 wa umri wa miaka 12 hadi 15, vipindi vya dakika 40, na chumba kilichotenganishwa na darasa la hisabati kwa ukuta mmoja usiofika darini. Katika hao 58 hapakuwa na hata mmoja ambaye ningeweza kumrudisha kwao kwa sababu hakuipata fa.

Mvulana mmoja wa darasa hilo nilimjua tangu akiwa Gredi ya 6, alipokuwa akiiongoza sauti ya kwanza, ile ya juu kabisa, katika kwaya yangu. Alikuwa na sauti iliyopanda bila kuonekana kwamba inapanda, na wenzake walimfuata kama vifaranga. Muhula wa pili wa mwaka 2023, mazoezi ya tamasha yalipopamba moto, sauti hiyo ilianza kumponyoka. Ilianza vizuri, kisha katikati ya neno ikakatika na kutoka nzito kama ya mtu mwingine. Wenzake walicheka. Mimi nilisimamisha wimbo, nikamwambia mbele ya wote, "Wewe fungua mdomo tu, usitoe sauti, mpaka sauti yako irudi." Alifungua mdomo siku mbili. Siku ya tatu hakuja mazoezini, na kwa muda wote uliosalia wa muhula huo alikaa dawati la nyuma katika kipindi changu, bega likiwa dirishani, bila kuimba, bila kupiga makofi, bila hata kuitikia salamu ya darasa.

Sauti ile haikuwa ya kurudi. Nilikuwa mtu mzima mwenye cheti cha ualimu, niliyewahi kupitia hali hiyo hiyo nikiwa na miaka 14, na bado nilimwambia mtoto asubiri kitu ambacho hakingekuja kamwe. Jambo hili liliniuma zaidi kadiri siku zilivyopita, kwa sababu nilianza kuwahesabu wavulana wengine niliowatoa kwenye kwaya kwa miaka 12 kwa maneno kama yale, nikakuta kwamba siwezi kuwahesabu.

Nilianza kusoma upya mambo niliyokuwa nimeyapita haraka chuoni. Mvulana anapobalehe zoloto lake, yaani kisanduku cha sauti kooni, hukua, nyuzi za sauti hurefuka na kunenepa, na sauti yake hushuka kwa takriban oktava nzima, yaani umbali wa kutoka do hadi do inayofuata. Haishuki siku moja. Kwa miezi mingi kijana anaweza kuwa na noti tano au sita tu anazozitawala, na noti hizo huhama kwenda chini wiki hadi wiki, huku za juu alizozizoea zikimtoka ghafla. Sauti za wasichana nazo hubadilika, ingawa kwa kiasi kidogo: hujaa pumzi, hukwaruza kidogo, na msichana aliyekuwa akiimba kwa nguvu hujikuta akinong'ona. Kwa hiyo mwalimu wa rika hili ana mbele yake darasa ambalo karibu kila koo liko safarini, na hakuna mawili yaliyofika kituo kimoja.

Hapo ndipo nilipoielewa solfa, yaani uimbaji huo wa do, re, mi, niliyokuwa nikiifundisha tangu ujana wangu. Uzuri wake mkubwa ni kwamba do haikai mahali pamoja. Ni jina la nyumba ya wimbo, na nyumba inaweza kujengwa popote. Mimi nilikuwa na kifilimbi cha kutolea sauti ya mwanzo, nikikipuliza katika ufunguo ule ule, yaani kimo cha do, ulioandikwa juu ya karatasi ya tamasha, na watoto wote walitakiwa wahamie hapo. Nilikiacha nyumbani. Nikaanza kila kipindi kwa kuwaomba wanafunzi wavume kwa midomo iliyofungwa, kila mmoja mahali panapomkalia vizuri, nami nikapita katikati ya madawati nikisikiliza mvumo wa walio wengi. Huo niliutangaza kuwa do ya siku hiyo. Nyimbo nilizozichagua hazikuzidi upana wa noti tano au sita. Waliokuwa hawaziwezi hata hizo niliwapa noti moja tu ya kuishikilia chini ya wimbo wakati wenzao wanaimba, na noti hiyo moja ndiyo iliyowafanya wengine wote wasipotee. Katika miaka mitatu hiyo sikumpata mtoto asiyeweza kuimba. Niliwapata wengi ambao mimi na walimu wengine tulikuwa tumewaanzishia mahali pasipo pao.

Hata hivyo, kijana wangu wa dirishani hakuvuma. Sikumlazimisha, maana sikuwa na haki hiyo tena.

Kwa upande wa mapigo nilianza vibaya vilevile. Niliandika ubaoni noti ya pigo moja, ya mapigo mawili na ya mapigo manne, nikazieleza kwa mifano ya mkate uliokatwa, na wanafunzi wakazinakili kwa mwandiko mzuri bila kusikia chochote. Wiki ya tatu nikakumbuka kwamba watoto hawa wana somo jingine ambamo wanahesabu sauti kila siku. Katika Kiswahili walikuwa wakifundishwa ushairi, wakijua mizani, vina na mishororo, na mwalimu wao aliwaimbisha mashairi kwa mahadhi ya kawaida. Nikawaomba watunge mshororo mmoja, wakatoa huu: "Mwalimu wetu sikia, darasani twaingia." Mizani 8 kwa 8, sawasawa. Tukaugonga juu ya madawati, silabi kwa silabi, kwa ncha za vidole ili darasa la hisabati lisitulalamikie.

Kisha tukauimba. Msichana aliyekuwa mbele aliinua mkono akasema, "Mwalimu, hii 'a' ya 'sikia' ni mizani moja. Mbona tukiimba inakaa muda mrefu kuliko zote?" Nilimpa chaki. Nikamwambia achore juu ya kila silabi mstari wenye urefu sawa na muda inaochukua. Alichora vistari saba vifupi, na juu ya ile "a" ya mwisho akachora mmoja mrefu uliovuka nafasi kati ya vipande viwili. Mwenzake alipinga: silabi ya "ki" nayo ilikuwa imevutwa kidogo. Darasa likagawanyika, wakaimba tena mara nne, wengine wakihesabu kwa vidole, mpaka wakakubaliana kwamba "ki" ni mapigo mawili na "a" ni matatu. Nilichokifanya siku iliyofuata kilikuwa kidogo tu: nilifuta mistari yao na kuweka noti mahali pake. Hakuna aliyeniuliza noti ya mapigo mawili ni nini. Tangu siku hiyo sijawahi kuandika alama yoyote ya muziki ubaoni kabla darasa halijabishana kuhusu kitu ambacho alama hiyo inakitaja.

Vitabu vingi vya kuanzia huanza na mapigo manne katika kila kipimo, na hilo lina sababu zake. Lakini mtoto wa Pwani aliyekulia karibu na harusi amelisikia chakacha tangu akiwa mgongoni mwa mama yake, na chakacha hutembea kwa mapigo madogo sita. Nilipowagawa darasa pande mbili, upande mmoja ukapiga makofi mara mbili ndani ya sita na mwingine mara tatu ndani ya sita hizo hizo, niliogopa kwamba itakuwa vurugu. Walishika mara ya pili. Mwalimu wa hisabati, aliyekuja mlangoni kulalamika, alisimama pale kwa muda, kisha akaniomba nimwachie ubao ulivyo, kwa sababu kipindi chake kilichofuata kilihusu vigawo vya 6.

Kayamba, ala ya matete yenye mbegu ndani inayotikiswa, ndiyo iliyonirudishia yule kijana. Shule haikuwa na ala isipokuwa ngoma moja iliyochanika na rekoda 14, filimbi ndogo za plastiki za kujifunzia, kwa hiyo muhula wa kwanza wa mwaka 2024 niliamua tutengeneze zetu. Nilileta mafungu ya matete makavu nikauliza nani amewahi kuona kayamba ikitengenezwa. Mikono michache iliinuka, wa kwake haukuwamo. Tulianza kazi chini ya mwembe, na baada ya dakika chache nilimwona amesimama nyuma ya kundi moja, akitazama jinsi wanavyofunga. Akasema, kwa sauti yake mpya ambayo wengi wetu hatukuwa tumeizoea, "Mnakaza sana. Ikikazwa hivyo hailii."

Babu yake alikuwa fundi wa kayamba. Alikaa chini, akachukua matete, akayapima kwa kuyalinganisha na mkono wake kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, akayakata yawe sawa, akayapanga bapa moja baada ya jingine na kuyashona kwa kamba ya katani, akipitisha kamba juu na chini kama anayesuka mkeka. Alitengeneza bapa la pili, akaweka vijiti vya kuyatenganisha mabapa mawili, kisha akamimina katikati mbegu nyekundu zenye doa jeusi, kidogo kidogo, akitikisa na kusikiliza kila mara. Nilimuuliza anasikiliza nini. "Zikiwa nyingi hazina pa kwenda, Mwalimu. Zikiwa chache zinalia moja moja." Alipoona zimetosha aliziba kingo, akaishika kwa mikono miwili na kuitikisa kushoto na kulia, vidole gumba vikigonga matete katika pigo la kwanza na la nne. Watoto walinyamaza wote. Nilimwomba awafundishe wenzake na mimi nikiwemo, kwa maana sikuwa nimewahi kuijua kazi hiyo kwa mikono yangu. Kayamba yangu ilishonwa vibaya, akaifumua nusu nzima na kuniambia nianze upya.

Baadaye, darasa lilipotawanyika, nilimwita nikamwambia kwamba neno nililomwambia kwenye kwaya lilikuwa kosa, kwamba sauti yake haikuharibika bali ilikuwa inakua, na kwamba nilipaswa kulijua hilo. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi neno hilo usiku kucha. Alitazama chini akasema, "Haya, Mwalimu." Hakusema zaidi, na sikutarajia aseme.

Rekoda zina shida yake, nami nitaitaja kwa sababu walimu wengi huanza nazo na kukata tamaa nazo. Mtoto akipewa rekoda huipuliza kama filimbi ya refa, na wakipuliza kumi pamoja hakuna anayebaki na masikio. Nilichokiona kinafaa ni kuanza bila kupuliza kabisa. Mkono wa kushoto unakuwa juu, jambo ambalo nusu ya darasa hulifanya kinyume. Kidole gumba kinaziba tundu la nyuma na kidole cha shahada kinaziba tundu la kwanza la mbele. Hapo ndipo ninapowaambia wapulize kama anayepoza chai kwenye kisahani bila kuimwaga. Inatoka noti iitwayo B, laini na safi. Akiongeza kidole cha kati inatoka A, akiongeza cha pete inatoka G, na kwa noti hizo tatu darasa linaweza kupiga nyimbo chache na kutunga zake kwa muhula mzima. Kukimbilia noti za chini, ambazo zinahitaji karibu vidole vyote vizibe bila kuvuja, ni kuwavunja moyo watoto wenye vidole vidogo. Kwa kuwa rekoda zilikuwa 14 na wanafunzi 58, kila kundi lilipuliza, likaosha kwa maji na sabuni, likapokezana na waliokuwa wakiimba, waliokuwa na kayamba, na waliokuwa wakiandika. Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kudumu. Hili la kuzunguka lilinichosha sana kulipanga, na ndilo ambalo nisingeliacha hata nikipewa rekoda 58.

Si kila nyumba ilifurahi. Asubuhi moja mzee mmoja aliyevaa kanzu alikuja shuleni, tukasalimiana, akakaa, akaniambia kwa upole, "Bwana Mwalimu, mjukuu wangu ananiambia mnapiga ngoma. Mimi nimemleta skuli asome." Sikubishana naye wala sikumtajia mtaala. Nilimuuliza lipi hasa linalomtia wasiwasi, akanieleza kwamba sauti ya binadamu na dufu hana neno nazo, lakini ala za kupuliza hataki mjukuu wake aziguse. Tulikubaliana hivyo, na mjukuu wake akaimba, akapiga dufu na kuandika noti kwa miaka yote mitatu bila kushika rekoda, na hakukosa kujifunza kitu cha msingi. Niligundua pia kwamba watoto waliosoma sana madrasa walikuwa wepesi mno kutambua sauti iliyopanda au kushuka kidogo tu. Sikuwahi kukiita kisomo cha Qurani muziki, kwa sababu wenyewe hawakiiti hivyo, na mwalimu anayetaka kuaminiwa na wazazi lazima aheshimu mpaka huo. Niliwaambia watoto hao tu kwamba wana masikio yaliyonolewa, na kwamba ninayahitaji.

Kusikiliza nako kulihitaji subira. Nina simu na spika ndogo. Niliwapigia rekodi ya Siti binti Saad, nikawaeleza kwamba alizaliwa Fumba, Unguja, akauza vyungu, na mwaka 1928 akavuka bahari hadi Bombay kurekodi nyimbo zake kwa Kiswahili. Kwanza walicheka mkwaruzo wa santuri. Nilipiga mara ya pili, nikawapa kazi moja: kila mtu afuate ala moja tu tangu mwanzo hadi mwisho na aniambie ilinyamaza wapi. Mara ya tatu hakuna aliyecheka. Nao waliniletea nyimbo zao za sasa, nami nikazisikiliza kwa kazi hiyo hiyo, na nikajifunza kuheshimu ufundi wa baadhi yake, hasa namna kiitikio kinavyocheleweshwa ili kitamaniwe. Maneno ya nyimbo nyingine sikuyaruhusu darasani, na nilieleza kwa nini.

Katika upimaji, niliacha kumsimamisha mwanafunzi mmoja mbele ya darasa aimbe peke yake. Huimba wanne wanne, na mimi hutembea karibu nao. Mtu akipenda kuimba peke yake huniambia, na wapo wanaopenda. Kwaya ya tamasha bado ninayo. Inafanya mazoezi baada ya masomo, na bado nawachagua watakaopanda jukwaani. Tofauti ni kwamba anayeondoka sauti ya kwanza kwa sababu ya umri huhamishiwa chini, sauti ya tatu, hata kama mwaka huo sauti ya tatu ina noti nne tu nilizomwandikia mwenyewe.

Gredi ya 9, mwaka 2025, yule kijana alikuwa na sauti nzito iliyotulia. Alikataa kurudi kwenye kwaya, akasema jioni anamsaidia babu yake, na nilimwelewa. Lakini muhula wa tatu, darasa lilipokuwa likivuma nami nikipita katikati ya madawati kutafuta do ya siku hiyo, nilifika dirishani nikakuta anavuma, chini kabisa, midomo imefungwa na macho kwenye daftari. Nilisimama hapo. Mvumo wake ulikuwa chini ya mahali ambapo ningeanza mimi, chini hata kwa wasichana wengi, lakini wangeweza kuufikia kwa oktava ya juu yake. "Do ni hii," nikasema, na darasa zima likaichukua kutoka kwake.

Amehamia sekondari pevu, Gredi ya 10, Januari hii. Gredi ya 7 mpya ina wanafunzi 61, na kayamba nane kati ya zile za mwembeni bado zinalia, yangu ikiwa mojawapo. Wiki ya kwanza nimepita katikati ya madawati na daftari lile lile la zamani, nikiandika mbele ya kila jina noti ya chini na noti ya juu anazozifikia bila kujikaza. Nitaziandika tena baada ya likizo ya Aprili, kwa maana kufikia wakati huo nyingi zitakuwa zimehama.